Sakafu ya Duka la Dawa

Jumatatu, 4 Machi

Nimevunjika mkono. Wa kushoto, kwenye kifundo. Nimeanguka kwenye duka la dawa la pale njia panda, mlangoni tu, mvua ikinyesha, mbele ya wateja, na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Hakuna kibao cha tahadhari, hakuna tambara la kufutia miguu, hakuna hata pole. Mwenye duka aliuliza kwanza kama chupa imepasuka.

Daktari amenifunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Vigae havibandikwi kwa mkono mmoja, na mimi ni fundi vigae, sina kazi nyingine. Mke wangu amesema tutakula kwa cherehani yake mpaka nipone. Hakulalamika hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Lakini mimi si wa kulala na haki yangu. Kesho natafuta wakili.

Jumanne, 5 Machi

Wakili amepatikana! Binti mdogo kwa umri, miwani mikubwa, ofisi juu ya kinyozi. Amenisikiliza, ameitazama plasta, amesema kesi ni nzuri. Mwenye duka ana wajibu wa kuwalinda wateja wake, sakafu ilikuwa na maji, na mimi nakula kwa mikono yangu. Atachukua chake tukishinda. Nilipenda alivyolitamka hilo "tukishinda".

Akaniuliza kama kuna jambo lolote kuhusu duka lile ambalo yeye anapaswa kulijua kabla upande wa pili haujalijua. Nikamwambia hakuna.

Nyumbani mke wangu akauliza kama nimemweleza wakili kwamba sakafu ile niliibandika mimi. Nikamwambia hilo sikuulizwa. Akasema hilo ndilo hasa nililoulizwa. Mke wangu hajui sheria. Kazi ile nilipewa na mkandarasi, zamani, kabla duka halijafunguliwa. Mwenye duka hanijui kabisa. Nani anamkumbuka fundi?

Ijumaa, 8 Machi

Wakili anataka mtaalamu wa kueleza ubaya wa sakafu. Hapo akili yangu ikachemka. Nikamtajia Pimamaji.

Huyu ni fundi mwenzangu, tena mpinzani wangu. Jina hilo amelipata kwa sababu haachani na pima maji yake. Hata msibani huja nayo, akaiweka juu ya meza ya chakula aone kama imelala sawa. Tangu azaliwe hajasifia sakafu ya mtu mwingine. Na wakati nabandika ile ya duka la dawa, yeye alikuwa kwenye kazi mji mwingine. Hajui lolote. Atakwenda pale na kuiponda, nami nitalipwa. Kuna siku najishangaa mwenyewe.

Jumatano, 13 Machi

Upande wa pili umejibu, kupitia wakili wao, mzee mwenye tai fupi. Hawataki mahakama. Wanaomba tukae tusuluhishwe. Wakili wangu amesema maana yake wamelegea. Amenipa sharti moja tu: nikae kimya, nionekane mtu mwenye maumivu.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Mke wangu amesema naonekana kama mtu anayetafuta choo. Nimepunguza kidogo. Nimemwambia wiki ijayo aache kushona, apumzike, mumewe kashamaliza mambo. Ameendelea kushona.

Jumanne, 19 Machi

Leo ndiyo leo. Meza ndefu, msuluhishi mwisho wa meza, chai ya kila mtu mbele yake. Pimamaji alikuwa ameshaikagua sakafu, akaanza kueleza. Alianza vizuri mno. Maji ya mvua hayatoki nje, alisema, yanaingia ndani na kutuama pale pale mteja anapokanyaga kwanza, kwa sababu mwinamo umeelekezwa kusikotakiwa. Mwenye duka akafuta jasho. Mzee wa tai fupi akaandika kiasi cha fedha kwenye karatasi, akaikunja, akaisukuma upande wetu. Wakili wangu akanigusa mguu chini ya meza. Mambo yalikuwa yamekwisha. Nilitakiwa kunyamaza tu.

Ila Pimamaji naye hakunyamaza. Akasema vigae vile vimebandikwa na mtu aliyeshika mwiko siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nikavuta kikombe changu. Akasema pembeni vimekatwa kama vimetafunwa na panya. Nikatazama dari. Kisha akacheka, akasema angekuwa yeye angeona aibu kupokea malipo.

Nikaomba kusema neno moja.

Nikasema mengi. Nikasema pembe zile nilizikata mimi, kwa mkono huu uliofungwa plasta, na hazina kasoro. Nikasema mwinamo ule ni wa makusudi, na kwamba kibovu ni pima maji yake. Nikasema sakafu ile haijamwangusha na wala haitamwangusha mtu anayejua kutembea.

Mzee wa tai fupi akanyoosha mkono taratibu, akaichukua karatasi yake. Mwenye duka akaniuliza, kwa upole sana, ni lini nitakwenda kuurekebisha mwinamo ule, bure. Kwenye ngazi wakili wangu akaniambia hajawahi kushinda kesi na kuipoteza kabla chai haijapoa.

Nyumbani mke wangu aliuliza swali moja tu, kama nilikaa kimya, nikamjibu ukweli. Akavuta kiti, akaniomba nimshikie kitambaa kwa mkono mzima. Nikashika. Niliona haya, nakiri, hata kumtazama usoni nilishindwa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefikiri wiki nzima. Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja: niliangukia sakafu yangu mwenyewe. Mtu mwenye akili huangukia kazi ya mwenzake.

Pimamaji alibandika ya posta, ya ukumbi wa harusi na ya zahanati. Ijumaa nilizipitia zote. Ukumbi unang'aa vizuri, unafaa. Lakini zahanati inafaa zaidi, daktari yuko palepale. Safari hii nitaanguka kwa makalio, maana mikono naihitaji. Wakili hapokei simu zangu, bila shaka kazi zimemzidi. Nitampitia nikishaumia.

Mvua imeanza. Mke wangu ameuliza nakwenda wapi na viatu vilivyolika soli. Nimemwambia natoka kutafuta riziki.