Idi Niliyofunga Mlango

Jumatatu, 2 Juni 2025. Walukuba, Jinja.

Mwaka wa arobaini na sita tangu nitoke Mbale. Dada yangu Madinah amepiga simu. Nyumba ya baba kule Malukhu imeezekwa upya, chumba cha mbele ni changu, nije kwa Idi na nisirudi Jinja tena. Jibu analitaka siku ya Idi yenyewe. Akasema watoto wa baba tumebaki wawili tu.

Nataka kwenda. Lakini nyumba hii nimwachie nani? Sikukuu zikikaribia, wezi hujua nani anasafiri kabla hata ya mwenyewe kufunga begi. Jirani yangu Obura, mstaafu wa kiwandani, anasema nimwachie ufunguo. Huniita Afande ingawa sijashika bunduki maishani. Huku kwetu Uganda Kiswahili huhesabiwa lugha ya askari, basi changu kinamtosha kuwa ushahidi. Nilimshukuru, nikakataa. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka na sisi Wanubi, tuliohesabiwa askari wake, tukageuka watu wa kufukuzwa, niliona kule Malukhu godoro letu likipita juu ya kichwa cha jirani. Alinisalimia.

Safari hii haitajulikana na mtu.

Jumatano, 4 Juni.

Sokoni, kumnunulia Madinah vitu vya Idi. Wachomoaji wamejaa. Mimi nilikwenda tayari: pesa nimezishonea ndani ya fulana, uzi mara mbili. Hakuna mkono utakaozifikia!

Wangu pia haukuzifikia. Mbele ya Adero, mama wa Kisumu anayeuza vitunguu, nilifungua shati mpaka kitovuni nikaanza kufumua kwa meno. Watu wakasimama kutazama. Adero akaninyooshea kisu chake. "Mzee, unalipa ama unachinja? Idi ni Ijumaa!"

Sasa soko zima linajua pesa zangu hulala wapi. Itabidi zihame.

Alhamisi, 5 Juni. Mbale.

Niliondoka alfajiri, hakuna aliyeniona. Mpango umekamilika: kandambili mlangoni, pazia wazi kidogo, redio kwenye stesheni ya Kiislamu, sauti juu, isome Kurani muda wote. Mwizi gani atajaribu nyumba ya mzee mcha Mungu ambaye halali? Simu nimeizima, nikaiviringisha ndani ya soksi, chini kabisa ya begi. Kazi safi.

Mlima Wanale uko palepale, na maji yake meupe yakishuka ubavuni. Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi. Madinah akasema mvua imenyesha tangu asubuhi.

Ijumaa, 6 Juni. Idi.

Siku ya Idi mlango wetu haufungwi. Yeyote huingia, hukaa, hula. Nilikaa chumba cha mbele nikiwangoja watu wa zamani. Waliingia wengi, wote wapole, na kila mmoja alimuuliza Madinah huyu mgeni ametoka wapi. Hata hivyo nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nikawasha simu, nimsalimu kwanza binti yangu Shamim aliyeko Kampala.

Akauliza ni nani anayetumia simu ya marehemu. Nikasema ni marehemu. Akapiga ukelele, akalia, kisha akanigombeza kama mimi ndiye mtoto.

Kumbe! Watu wa Walukuba walikuja kwangu kula Idi. Mlango umefungwa, kandambili nje, Kurani inasoma ndani, hakuna anayejibu. Nyumba ya Mwislamu ikiwa hivyo siku ya Idi, watu hawana haja ya kuuliza. Msikitini wakatangaza. Obura akauvunja mlango kwa shoka. Mwili haukuwepo, simu imezimwa, basi wakaamua nimefia hospitali, wakampasha Shamim habari. Wengine wakaenda mochwari, wengine wakabaki kuchemsha chai ya matanga.

Madinah alicheka mpaka akakaa chini. Jibu sikumpa.

Jumamosi, 7 Juni. Walukuba.

Mlango umelala uani, vipande viwili. Obura alikuwa ameketi penye uwazi wake, rungu magotini, macho mekundu. Hakuinuka.

"Afande, umeniliza bure. Mimi mtu mzima, mbele ya wanawake!"

Nikamwomba radhi. Akasema radhi haipikwi, nyama ya Idi iko wapi?

Nilikagua kila pembe. Redio ipo. Vitabu vipo vyote. Sukari tu imekwisha, waombolezaji wameinywa. Wezi hawakuja, au walikuja wakakuta msiba, wakakaa wakanywa chai na wenzao.

Nilikaa kitandani. Kule Malukhu, mwaka ule wa 1979, walivunja mlango ili watoe vitu. Hapa wamevunja ili wanitoe mimi.

Jumapili, 8 Juni.

Fundi Ibra amekuja kupima mlango wa chuma. Makomeo kwa ndani, shoka lisipenye. Obura akauliza, na nikifa kweli? Nikamwambia nitafungua kwanza. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Haelewi mambo ya ulinzi. Sikukuu ijayo nikitoka, redio itatangaza mpira, na hatajua mtu, hata yeye.

Kisha nikampigia Madinah. Nilimwambia chumba cha mbele ampe mjukuu wake Hasifa. Akauliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Nitakwenda kumwona, nitakula kwake, nitautazama mlima. Lakini Mbale sitarudi kuishi.