Kisomaji cha Shangazi Hemnalini

Jumatatu, 5 Januari 2026

Nimerudi na Shangazi kutoka kwa daktari wa macho. Habari mbaya. Jicho la kushoto limekwisha kazi. La kulia lina wiki chache tu za kusoma, tena herufi ziwe kubwa. Shangazi Hemnalini, mwalimu mstaafu, miaka sabini na tisa, hakulia. Alisema anataka jambo moja: kuimaliza kwa macho yake mwenyewe ile riwaya ya juzuu tatu aliyopewa siku ya harusi. Sasa yuko juzuu ya pili.

Mimi nililia. Kisha nikapata wazo! Kisomaji: kile kibao cha kusomea vitabu, herufi unazikuza upendavyo. Vitabu elfu tatu kiganjani. Na vikiwa kiganjani, vile vya karatasi vilivyojaa chumba kizima vya nini tena? Chumba kizuri kile, kikavu, huku Kolkata ya kaskazini ambako hata ngazi hupata mpangaji. Muuza sari wa ng'ambo ya barabara anatafuta stoo.

Alhamisi, 8 Januari

Mnunuzi wa karatasi kuukuu alikuja na mkokoteni Shangazi akiwa amelala mchana. Safari tatu, chumba kitupu. Alipoamka nilimwambia vitabu vimekwenda kupigwa dawa ya mchwa. Akanisifu kwa kufikiria mbele. Nilijisikia vibaya hadi chai ya saa kumi.

Sasa kuchagua. Inchi sita au saba? Taa nyeupe au ya manjano? Jirani Bhabatosh, mstaafu wa posta anayejiona kama yeye ndiye aliyevumbua kusoma, alinionyesha chake. Kibengali safi, herufi kubwa kama vifungo vya koti. Akajigamba kwamba hakiingii maji. Nani anasoma mtoni? Akanishauri ninunue hichohicho, nimalize. Thubutu! Ili miaka kumi ijayo anitangaze kwamba nilimuiga?

Jumatatu, 12 Januari

Nimefikisha aina kumi na saba. Nimechora jedwali kwa rula.

Shangazi amemaliza juzuu ya pili, anataka ya tatu. Nikasema bado imo kwenye dawa. Akauliza mchwa wa siku hizi ni wa namna gani. Amerudia kurasa za mwisho za juzuu ya pili, polepole, kama mtu anayelamba sahani.

Jioni akaja Bhabatosh. Eti amwazime Shangazi kisomaji chake mpaka chetu kifike. Riwaya yenyewe ameshaitia ndani. Mnafiki! Anataka mtaa mzima useme Ghontu, yaani mimi, nimeshindwa kumtunza shangazi yangu. Nilimwambia Shangazi hana shida yoyote, nikamshukuru, nikafunga mlango.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya balaa. Nilimletea Shangazi bisi za mchele kutoka kwa mchuuzi wa kona, ndani ya mfuko wa karatasi kuukuu. Hakula. Alimwaga bisi kwenye sahani, akaukunjua mfuko, akausoma kwa kioo cha kukuzia. Ukurasa wa 212. Pembeni kuna maneno ya penseli. Mwandiko wake mwenyewe! Akasoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Kisha, kwa utulivu kabisa: "Ghontu, dawa ya mchwa imefanya kazi kweli."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikakiri yote, isipokuwa habari ya stoo. Hakunigombeza. Aliuliza tu hicho kisomaji kitafika lini, maana akinitazama usoni haoni tena pua yangu.

Nimeagiza leo hii. Cha tisa katika jedwali. Maji kinaingia, lakini kina kifuniko cha ngozi, na cha Bhabatosh hakina.

Alhamisi, 22 Januari

Kimefika! Kizuri jamani! Juzuu zote tatu zimo. Shangazi alinyoosha mikono yote miwili.

Nikamzuia. Kesho ni Saraswati Puja. Kila mwaka tunaweka vitabu miguuni pa mungu wa kike wa elimu. Hiki chenye vitabu vyote kikose baraka? Tena Bhabatosh amealikwa khichuri, ule wali wa dengu wa sikukuu, nami nataka akikute kinang'aa, hakina hata alama ya kidole. Shangazi akasema Saraswati ndiye aliyempa herufi tangu ana miaka mitano, hawezi kumnyima jioni moja. Akasema tafadhali. Hajawahi kuniambia tafadhali tangu nizaliwe.

Nilisimama imara. Dini ni dini.

Ijumaa, 23 Januari

Leo kusoma ni mwiko, na kuandika pia. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Makuhani ni adimu siku hii. Nilimnyakua mmoja barabarani, mbio mbio, ana nyumba kumi na tisa za kuzungukia. Kisomaji nilikisimamisha mbele kabisa, nje ya kifuniko ili Bhabatosh akione vizuri, kando ya kidau cha wino ambacho leo hujazwa maziwa mabichi. Kuhani akageuka kwa haraka, shali yake ikakikumba kidau. Maziwa yote! Kisomaji kikafanya mistari, kikapepesa, kikawa cheupe.

Bhabatosh hakucheka. Afadhali angecheka. Shangazi akauliza kuna nini. Nikamwambia kimebarikiwa.

Jumamosi, 24 Januari

Asubuhi Bhabatosh alileta chake bila hata kubisha hodi. Shangazi alikishika, akakisogeza karibu, akakipeleka mbali, akauliza mbona leo ukungu ni mzito hivi. Hakukuwa na ukungu. Jua lilikuwa limejaa kitandani kwake.

Tulikuza herufi, tukakuza tena, mpaka neno moja likajaza kioo chote. Akatuuliza kama tumeshakiwasha.

Bhabatosh alikwenda kulia jikoni kwangu. Mimi nilichemsha chai nikasahau majani. Naumia. Naumia sana, wala sijui niumie wapi.

Jumatatu, 2 Februari

Muuza sari ameshusha mizigo yake chumbani. Shangazi aliuliza ni harufu gani ile ya nguo mpya. Nikasema jirani anaozesha binti.

Mchana aliniita. Akanishika mkono, akasema yaliyopita amesamehe. "Mwanangu, kaa hapa unisomee ya tatu. Kurasa mbili tu kwa siku, sitaki zaidi." Kisomaji cha Bhabatosh kilikuwa pale pale juu ya mto wake wa kulalia, kimewashwa.

Machozi yalinitoka. Kurasa mbili! Kwa sauti hii yangu ya mikwaruzo? Shangazi wangu anastahili kilicho bora. Nikagusa miguu yake, nikamweleza kwamba siku hizi ziko mashine zinazosoma kwa sauti, zenyewe, bila kuchoka. Nimeshapata aina ishirini na sita. Sauti ya kike au ya kiume? Spika moja au mbili? Bhabatosh alijitolea awe anakuja kumsomea kila jioni. Nikamwambia mambo ya familia yana wenyewe, nikamrudishia na kifaa chake.

Shangazi aliuliza atangoja mpaka lini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwezi wa Machi huwa kuna punguzo.