Kulijaribu Tawi Lililokwisha Kugongwa Muhuri

Kwa Mkuu wa Idara ya Programu,
Hospitali ya Macho.

Mheshimiwa (ambaye nyumbani ni mpwa wangu, lakini hapa tupo kazini),

Baada ya salamu, nawasilisha malalamiko dhidi ya binti wa majaribio ya programu, yule wa meza ya dirishani. Kama ujuavyo, mimi ni mlezi wa tawi imara (ile nakala iliyoidhinishwa kutumika kazini) la programu inayowapangia wagonjwa siku za upasuaji. Tawi hilo hutegemea maktaba, yaani vipande vya programu tunavyoazima kwa watengenezaji wa nje, nao hutoa matoleo mapya kila kukicha.

1. Binti huyu hakubali toleo jipya liingie katika tawi langu kabla hajalijaribu pembeni kwa siku mbili. Tawi lilitangazwa kikaoni kuwa ni imara, na muhuri niliugonga mwenyewe. Kulijaribu ni kuutilia shaka muhuri.

2. Hujaribu hata toleo lililobadilika namba ya mwisho tu. Mtengenezaji mstaarabu akibadilisha namba ya mwisho, amerekebisha jambo dogo. Kumpima ni kumvunjia heshima.

3. Nilimuuliza kama kiti chake pia hukijaribu kabla ya kukikalia. Akajibu, mbele za watu: "Hukijaribu, Mzee. Ndiyo maana kile kibovu umekikalia wewe." Ofisi nzima ilicheka. Kiti kilikuwa kibovu kweli, lakini hiyo si hoja.

4. Tukiendelea hivi, kesho nitatakiwa kumwamsha mke wangu kila alfajiri nimuulize kama bado ni mke wangu. Miaka thelathini na minane sijamuuliza, na ndoa ipo.

Kwa hiyo naomba majaribio yapigwe marufuku, na binti ahamishiwe stoo ya karatasi, ambako hakuna kitu kinachotoa toleo jipya.

Nisalimie mama yako, watoto, na mlinzi wa getini.

Wako katika utumishi (na katika udugu, baada ya saa za kazi),
Mlezi wa Tawi Imara

Nyongeza: Jana niliingiza toleo jipya la maktaba ya kalenda bila kumwambia binti, namba ya mwisho tu ndiyo iliyotoka nne kwenda tano. Programu imewatumia wagonjwa wote sitini ujumbe wa kufika kupasuliwa leo, saa mbili kamili asubuhi. Wamejaa hadi kwenye ngazi. Mke wangu ni wa arobaini na moja kwenye foleni. Nimemuuliza lile swali la hoja ya nne, hajanijibu. Tafadhali usimhamishe binti. Mwambie aje sasa hivi, na aje na kiti chake.