Laptopu ya Stoo na Kidole cha Mama Chai

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna mtu katika jengo letu anayezijua kompyuta kunishinda mimi. Nimezichezea tangu zilipokuwa kubwa kama kabati.

Haya, daftari, usinikodolee macho. Uongo. Kompyuta niliyowahi kuigusa ni moja, tena niliigusa kwa kuibeba kutoka ghorofa ya pili, ikanivunja kiuno. Lakini ndivyo nilivyosema kikaoni leo, kwa sauti, mbele za watu.

Habari yenyewe: Mkurugenzi wa kampuni yetu ya mabomba (mwanamke mpole, na upole wake ndio unaotisha) katangaza kuwa madaftari ya stoo sasa basi. Itanunuliwa laptopu, ya kazi mchana na ya kubeba nyumbani kwa mambo madogomadogo, na atakayeimudu ndiye atakayeshika stoo. Mhasibu wetu, mama mmoja tunayemwita Kikokotoo, kanyoosha kidole. Mimi nikanyoosha mkono mzima! Stoo ni yangu miaka thelathini na minane. Mkurugenzi akasema vyema, mzee wangu, ichague mwenyewe, na Jumatatu ijayo utaifungua mbele ya wote utuonyeshe hesabu ya mabomba. Ukishindwa, akasema, basi mzee utapumzika.

Utapumzika! Neno laini kama pamba. Pamba ya puani.

Nimemweleza mke wangu. Kaogopa kuliko mimi. "Yaani uwe humu ndani kutwa nzima? Baba watoto, kaisome hiyo mashine!"

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani. Miguu haikutaka. Muuzaji, binti mwenye miwani mikubwa, kaniuliza nataka ya nyumbani au ya kiofisi. Nikasema zote mbili, kwa kiburi, asijue kuwa sijui. Akafurahi! Akanieleza kwamba hizi za nyumbani ni kama vikombe vya wageni: zinapendeza, lakini zishike vibaya, kwaheri. Za kiofisi sura hazina, ila mwili mgumu, chaji inashinda kutwa, fundi anaweza kuzifungua akabadilisha kitu, udhamini miaka mitatu, na hata ukimwagia chai kwenye vitufe haifi. Tena unaifungua kwa alama ya kidole. Nikatikisa kichwa kama profesa.

Kisha nikaharibu. Sisi watu wa mabomba hatununui kitu bila kukigonga. Bomba zima hulia vizuri, lenye ufa hulia kama mtu mwenye mafua. Basi nikatoa ufunguo wa stoo, nikaigonga moja usoni. Ngo! Binti akapiga ukelele, mlinzi akaja mbio, mimi naona pingu hizi hapa. "Babu, hicho ni kioo!" Nikasema najua ni kioo, ndiyo maana nimegonga polepole. Haikupata hata mkwaruzo, lakini shati langu lilikuwa la kukamua.

Nimechagua ile nyeusi, nene, yenye matundu mengi ubavuni. Binti kasema matundu ni ya kuchomekea vitu. Sikuuliza vitu gani. Chenye midomo mingi hakifi njaa.

Jumatano, 5 Machi

Kikokotoo kaleta picha ya laptopu aipendayo yeye: rangi ya fedha, nyembamba kama karatasi ya kufungia sabuni. Kaitazama ya kwangu kwenye kijikaratasi nilichopewa dukani, kasema, "Babu, hiyo ni laptopu au tofali?" Ofisi nzima kicheko. Nikamjibu kwamba nyumba husimama kwa tofali, shangazi, si kwa karatasi ya sabuni. Wakamcheka na yeye. Nje nacheka nao, ndani nalia.

Ripoti yangu kwa Mkurugenzi nimeinakili kutoka kijikaratasi hicho, neno kwa neno. Kumbukumbu kumi na sita. Kumi na sita nini? Magunia? Mkurugenzi kasoma, nami namwomba Mungu aikatae. Kweli! Angeikataa, ningetoka na heshima zangu, niseme nilishauri sikusikilizwa. Kasema kapenda ule udhamini wa fundi kuja hadi ofisini. Inunuliwe.

Mdomo umeponza kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Imekuja. Na fundi wa kompyuta kaja nayo. Ni nani? Mpwa wake Kikokotoo! Yaani nikikohoa vibaya mbele yake, shangazi mtu anajua kabla ya chakula cha mchana. Nikakaa kimya kama bomba lisilo na maji.

Kaweka neno la siri, kaniandikia kwenye karatasi, kaniambia nilitunze vizuri. Nikalitunza! Kanuni ya stoo ni moja tangu tulipoibiwa: siri haiandikwi. Nikalisoma mara mbili, nikaichana karatasi vipande vinane, nikaitupa chooni, nikavuta maji. Nafika kwenye ngazi, neno lote limenitoka. Lilianza na herufi kubwa. Ukiwa na hofu, herufi zote ni kubwa.

Nikajipa moyo kwamba kidole kipo. Fundi kasema weka hapa, mzee. Nikaweka. Mashine ikakataa. Gumba, ikakataa. Cha kati, cha pete, mkono wa pili, vyote kumi. Miaka thelathini na minane ya kusugua kutu na kukaza nati imenilia mistari yote. Vidole vyangu vitupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Sina hata ushahidi kuwa mimi ni mimi!

Fundi katoka nje kupokea simu. Papo hapo kaingia Mama Chai, anayetupikia chai ofisini, na sinia lake. Nikamshika mkono nikamsihi aweke kidole pale, aipashe moto kidogo. Kauliza hii ni laptopu au jiko, lakini kaweka. Kaweka tena, na tena. Ikakubali! Fundi karudi, kakuta imekubali, kanipa mkono wa pongezi, kaenda zake.

Ndipo akili ikanirudia. Mashine niliyokabidhiwa mimi inamtambua Mama Chai peke yake. Nikimwomba fundi neno jipya la siri, Kikokotoo atajua, na nitapumzishwa.

Jumamosi, 8 Machi

Sijala. Mke wangu kauliza kuna nini, nimesingizia tumbo.

Mpango: Jumatatu Mama Chai ataingia kikaoni na sinia, atajifanya anaifuta laptopu vumbi, na kidole kitapita pale. Orodha ya mabomba fundi kaiweka mbele kabisa, ikifunguka tu inaonekana. Nimemweleza Mama Chai leo asubuhi jikoni. Kakoroga sukari, kaonja. Kisha kasema, "Mzee, wewe utaniua kwa kicheko, mimi nina watoto." Nimelihesabu hilo kuwa ni ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike upesi.

Saa nne kamili wote mezani. Laptopu mbele yangu, imefungwa. Mama Chai hayupo! Nikaanza kuisifia bawaba. Nikaisifia dakika kumi. Jinsi kifuniko kinavyolala chali kisivunjike, nikakilaza, nikakiinua, nikakilaza. Kikokotoo kasema, "Babu, tumeshaujua mlango, tuonyeshe chumba." Jasho likanitiririka hadi kwenye soksi.

Mlango ukafunguka. Mama Chai! Kaweka sinia, kapitisha kitambaa, kidole kikagusa, ikafunguka. Mabomba yote mbele ya macho! Nikavimba. Nikahubiri juu ya udhamini, juu ya chaji, nikahubiri mno. Nageuka, imezimika yenyewe, imelala. Nikamwita Mama Chai, kuna vumbi. Kafuta. Nikahubiri. Ikalala. Mama Chai, vumbi tena! Mkurugenzi akauliza kwa ule upole wake kama stoo imehamia jangwani.

Kikokotoo akashtukia. Akairukia mashine aichunguze, kiwiko kikapiga sinia, birika zima likaenda kwenye vitufe. Chai inachuruzika. Roho yangu nikaiona inaondoka kwa miguu yake.

Mama Chai peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Kaiinamisha, chai ikatoka, kaikausha kwa kitambaa, kaweka kidole. Ikawaka! Mkurugenzi akamuuliza, yeye si mimi, viko vingapi viungo vya kona vya mabomba. Kabonyeza hapa na pale, kasema mia mbili na arobaini, na vya inchi mbili vinakaribia kwisha. Kumbe mwaka mzima anasoma kompyuta jioni. Hakumwambia mtu, maana hakuna aliyemuuliza.

Mkurugenzi akanigeukia. "Mzee wangu, chaguo lako ni zuri sana. Tatizo ni wewe."

Hukumu: daftari jipya la stoo, yaani hiyo laptopu, kwa Mama Chai. Mimi nitakuwa msaidizi wake, niyagonge mabomba yeye aandike, kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wataona.

Wataona nini? Naogopa kuuliza.

Jumanne, 11 Machi

Nimefikiri tangu asubuhi kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa ni la vidole. Kichwa changu hakina hatia.

Adhuhuri Mkurugenzi kauliza nani anajua mambo ya printa. Mkono ukapanda wenyewe, naapa sikuutuma! Nimesema printa ndizo hasa fani yangu. Basi Alhamisi niieleze, tena iunganishwe na laptopu ile ile, mbele ya wote.

Ukurasa huu nitauchana nimpe Mama Chai kesho, asome na sinia lake.

Mama Chai, dada yangu, mkuu wangu wa kazi. Siku lifti ilipokufa, nani alikubebea mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu? Mimi, na goti langu hili bovu. Nilidai hata kikombe? Sikudai. Leo nadai, tena kidogo. Alhamisi ukiifungua mashine, usiharakishe. Weka kidole chako taratibu, nami niegemeze changu juu yake, Mkurugenzi aone ni viwili.