Kuhusu Kutangazwa Marehemu Nikiwa Nimesimama Hapohapo

Kwa Mkurugenzi,
Makumbusho Makuu ya Historia.

Ndugu Mkurugenzi, mshika funguo za mambo ya kale,

Kabla sijaanza kulalamika, ni vizuri ujue unalalamikiwa na nani. Mimi ni mtu wa bahati. Sijisifu, ni watu wanaosema. Mtaani kwetu bahati nasibu ikitangazwa, wenzangu huuliza kwanza kama mimi nimeshiriki, ndipo waamue kama wajisumbue. Hivyo ndivyo nilivyoshinda ziara ya kuongozwa katika makumbusho yako, kikundi kidogo, chai mwishoni. Jiji zima lilitaka, nikapata mimi. Na nilikubali kwa shida, maana studio yangu ya picha haina nafasi ya kupumua. Foleni inaanzia mlangoni, inapita kwa kinyozi, inamziba fundi viatu, na fundi viatu hanisemeshi kwa sababu hiyo. Ilibidi niwaombe radhi wateja siku nzima ili nije kutazama vyungu vyako.

Nilivaa suti. Nikamchukua mama mkwe wangu, kwa kuwa mke wangu alisema miguu inamuuma, na mama mkwe hajawahi kukataa mwaliko wenye chai.

Nakuandikia kwa heshima zote, hata zile ambazo hukuzifanyia kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Udogo wa kikundi. Tangazo lenu linausifia kana kwamba ni dawa. Ndugu yangu, katika kundi kubwa mtu anaweza kupiga miayo, kuegemea ukuta, hata kusinzia amesimama. Katika kikundi kidogo unaonekana kama jino la mbele. Tulikuwa mimi na mama mkwe, bibi na bwana harusi waliokuwa bado wanashikana mikono kama wanaoogopa kupotezana, na bwana mmoja ambaye kila swali lake lilianza na "kwa hiyo". Tukambatiza Bwana Kwa Hiyo. "Kwa hiyo hili jiwe lilikuwa jiwe hata zamani?" Na binti yenu anayeongoza wageni, aliyekuwa ameinua mwavuli ndani ya nyumba isiyovuja, akamjibu kwa upole kabisa kwamba ndiyo, lilikuwa jiwe.

2. Jiwe lenyewe. Tulisimama mbele yake mpaka magoti yakaanza kulalamika kabla yangu. Jiwe lina kioo. Jiwe lina taa yake peke yake. Jiwe lina kamashine pembeni ka kupima kama hewa inalifaa. Mimi nina kifua kinachobana kila msimu wa baridi na hakuna aliyewahi kupima kama hewa inanifaa. Mama mkwe akaninong'oneza, "Mkwe, si ni kama lile tunalozuilia mlango wa jikoni?" Nikamwambia anyamaze, wasije wakatuomba na lile.

3. Sasa nafika penyewe, na hapa naomba ukae.

Baada ya vyungu, viti vya watawala na sarafu zilizoliwa na kutu, tuliingizwa chumba kinachoitwa Maisha ya Mjini. Kwenye kona, nyuma ya kamba nyekundu, kuna studio ya picha. Pazia lililochorwa ndege na ngazi yake. Stuli. Maua ya plastiki. Kamera juu ya miguu mitatu. Koti la kuazimisha wateja, lile ambalo likiwa kubwa unalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo na mbele mtu anaonekana waziri. Na kibao. Nakinukuu: "Studio ya picha ya mtaani. Kazi iliyotoweka. Mpiga picha: hajulikani."

Binti yenu akasema, "Hapa watu walikuwa wanakuja kupigwa picha kabla ya simu. Walikuwa wanavaa vizuri. Walikuwa wanasubiri wiki nzima kuziona." Alisema walikuwa, walikuwa, mpaka nikaanza kujipapasa mifukoni kuhakikisha kwamba nipo.

Jiwe lilipata somo zima. Sisi wapiga picha tulipata muda wa mtu kunywa maji akiwa na haraka.

Mkurugenzi, nakuuliza kama mtu mzima: imetoweka kwenda wapi? Mimi ni mpiga picha wa studio. Nilikuwa nimesimama pale pale, na tumbo langu hili, nimezuiwa na kamba yenu. Na huyo asiyejulikana hajulikani na nani? Mimi ninaitwa Inua Kidevu na watu ambao siwakumbuki hata sura zao, kwa sababu hilo ndilo neno la mwisho walilolisikia kabla ya picha ya harusi yao. Pazia kama lile limesafirisha watu wengi kuliko kampuni yoyote ya ndege, na hakuna aliyepotelewa na mzigo. Nina mteja aliyepigwa picha kwenye ngazi ile na sanduku tupu, akaituma kwao, na mpaka leo wanamwandikia wakimwomba awaletee saa akirudi. Halafu mtu wa ofisini kwako, mwenye kiti kinachozunguka, anachukua kalamu na kuandika "hajulikani", kisha anaenda kula.

Na hili linaniumiza mbele ya familia. Mama mkwe aliliangalia lile pazia kwa muda mrefu, akasema, "Mkwe, hii ndege mbona kama ile yako?" Nikamwambia, "Mama, ndege duniani ni nyingi." Akasema, "Na hiyo yenye madirisha upande mmoja tu?" Nikageukia maua. Aliyekuoza binti yake akikuuliza hivyo mbele ya watu, jina lako linabaki mikononi mwa kibao. Kwa hiyo shida yangu ni hiyo tu, ukitaka kuacha kusoma hapa acha: nataka kile kibao kibadilishwe.

4. Sanamu mliloliweka kushika kamera. Ni jembamba. Lina mabega. Lina nywele mpaka mbele. Sijawahi kumwona mpiga picha mwenye mabega yale, kazi yetu ni ya kuinama. Mkishaamua kumzika mtu, basi angalau mzikeni na mwili wake.

5. Kufukuzwa kwangu, ambako mlinzi wenu ameripoti vibaya, nina hakika.

Ilivyokuwa ni hivi. Bwana harusi akamwambia mkewe wasimame mbele ya ndege. Wakageuza mgongo, akanyoosha mkono na simu yake, wakabinua midomo. Nikaiona ile picha kwenye kioo cha simu. Nusu ya kichwa cha bibi harusi, pua yote ya bwana harusi, na mwavuli wa binti yenu umetokea katikati kama mgeni asiyealikwa. Mkurugenzi, mimi ni mpole, ila kuna mambo mkono hauvumilii. Nilijikuta nimevuka kamba. Nikamkalisha bibi harusi kwenye stuli, nikamweka bwana nyuma, nikamteremsha bega la kushoto, nikachukua simu yake. "Inua kidevu. Wewe, usicheke sana, hii wajukuu wataiangalia." Wakatulia. Nikapiga moja tu. Bibi harusi alipoiona alisema taratibu, "Kumbe tunafanana na watu."

Wakati huo huo likaingia kundi la pili, likiongozwa na kijana aliyekuwa amechelewa na anatokwa jasho. Aliponiona ndani ya kamba hakusita hata kidogo, akawaambia watu wake, "Na leo mna bahati, tuna maonyesho ya moja kwa moja." Wakanipigia makofi. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akanigusa tumbo na kumuuliza kijana, "Na huyu analala humuhumu?" Kijana akasema analala. Bwana Kwa Hiyo akauliza, "Kwa hiyo na chakula mnampa?"

Kisha wakapanga mstari. Wao wenyewe, sikuwaita. Kila mmoja na simu yake mkononi, wakisubiri nimkalishe. Nilimvalisha koti mzee mmoja na kulibana mgongoni kwa vibanio vya mama mwenye mkoba, vile vya nywele. Nilimpiga picha Bwana Kwa Hiyo, na kwa mara ya kwanza alinyamaza. Alipokuja mlinzi akaniambia, "Mzee, toka huko, hivyo ni vitu vya kale," nikamuuliza, "Na mimi je?" Akafikiri kidogo, akavua kofia, akauliza kama nikimpiga na yeye haraka haraka bosi wake hatamwona. Picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote, ana uso wa mtu anayesikiliza. Bosi wake akamwona.

Nilitolewa kwa mlango wa dharura. Mama mkwe alitolewa pamoja nami bila kosa lolote, na chai hatukuinywa.

6. Hili lilipaswa kuwa la pili, ila nimeshaandika kwa wino. Kama mtu akipungukiwa na wateja ndipo anakuwa historia, basi tuwe wa haki. Siku ile makumbusho yako yalikuwa na walinzi wengi kuliko wageni. Mkata tiketi alikuwa analala na shavu juu ya muhuri, ameandikwa tarehe. Mle ndani nimepita mlango wa ofisi yako, na vumbi la kitasa chake linafaa kuwekewa kioo. Basi funga kamba nyekundu kuzunguka jengo lote. Mkalishe mkata tiketi chini ya taa. Weka kibao mlangoni kwako: "Mkurugenzi. Kazi iliyotoweka. Hajulikani." Watoto wa shule waje wakupite wakiambiwa kwamba zamani ulikuwa unafanya kitu.

Na kama bado unashikilia kwamba mimi ni wa kale, nadai haki za kale. Nataka kioo. Nataka taa yangu. Nataka ile mashine ya kupima hewa iletwe kifuani kwangu. Nataka kufutwa vumbi kila asubuhi na mtu mwenye glavu nyeupe. Nataka kibao cha "Usiguse", kikubwa, kwa ajili ya shemeji yangu ambaye kila akija nyumbani lazima anipige mgongoni. Mke wangu atakuja kunitembelea siku ambazo wakazi wa jiji hawalipi kiingilio, akiuliza maswali kwa binti yenu. Nikianguka, nisiokotwe ovyo, aitwe mtaalamu. Na nikifa, nisizikwe, niingizwe kwenye ghala lenu nikae karibu na lile jiwe, tuone nani kati yetu atakayeulizwa maswali.

Kama hayo yote ni mazito kwako, ipo njia nyepesi. Ondoa neno "hajulikani".

Nisalimie binti wa mwavuli, anafanya kazi vizuri ila aache kutembea kinyumenyume, nimeona akikosa nguzo kwa bahati tu. Msalimie mlinzi, mwambie picha yake aitume kwao. Msalimie yule kijana anayesema uongo kwa haraka, ana maisha mazuri mbele yake. Wasalimie watawala wote na viti vyao, na sanamu, na jiwe.

Wako ambaye bado anapumua,

Inua Kidevu,
Mpiga picha (anayejulikana).

Nyongeza: Mkurugenzi, kabla hujampa katibu wako barua hii acheke, ngoja kidogo. Yule mama wa idara yenu ya kukusanya vitu atakwambia tu, basi bora uyasikie kwangu. Pazia lile ni langu. Stuli ni yangu, koti ni langu, kamera ni yangu, na hata maua niliyaosha kabla ya kuyatoa. Nilisaidia kuvipakia kwenye gari lenu kwa mikono yangu. Alipouliza aandike jina gani, ni mimi niliyemwomba aandike kwamba mpiga picha hajulikani. Mama mkwe wangu anaishi na sisi, na nilikuwa natoka kila asubuhi na mkoba wa kamera nikakae kwa kinyozi mpaka jioni, ili asijue kwamba binti yake ameolewa na mtu aliyefunga studio. Mke wangu anajua. Miguu yake haina shida, alikataa tu kuja kuiona studio yetu nyuma ya kamba. Juzi tukiwa mezani mama mkwe alinijazia sahani, kisha akaniuliza bila kunitazama kama nikirudi tena kule kwenye ndege yangu nitampiga na yeye picha, maana siku ile mstari ulikuwa mrefu akaona haya kusukuma watu. Kwa hiyo sina tena wa kumficha. Andikeni jina langu, yule mama analo lote, mpaka la babu. Neno "iliyotoweka" liacheni, ni kweli. Kwangu hakuna foleni, kuna kufuli. Na bahati nasibu haikuwepo. Ile tiketi mlinitumia nyinyi, ya kunishukuru.