Picha Moja, Salamu Maria Moja

Butembo, Jumatatu, 2 Julai 2001

Imekwisha! Appareil ya kupiga picha, ya kwanza kutengenezwa Butembo, labda katika Kongo nzima. Na mikono yangu miwili tu! Kopo la maziwa ya unga, kioo cha miwani ya marehemu baba, utepe mweusi wa mafundi wa umeme, misumari saba. Mbele kuna tundu dogo lenye kizibo. Ukitoa kizibo, picha inaingia. Ukikirudisha, imefungwa humo.

Sasa, kizibo kitoke kwa muda gani? Hapo ndipo akili yangu inawapita hata bazungu. Saa yangu ya mukono ilibaki kwa soldat mumoja mwenye bunduki kwenye barrière, pale wanafunga njia kwa kamba. Donc ninahesabu kwa sala. Picha moja, Salamu Maria moja. Hakuna soldat anayeweza kuninyang'anya hiyo.

Kavugho, muke wangu, aliangalia kopo, akauliza kama maziwa yalikuwa yamekwisha kweli. 

Saa tisa mama yake, Mama Virginie, alifika analia. Josaphat, mutoto wake mwanaume wa pekee, yuko Kinshasa tangu mbele ya vita kuanza. Njia zimekatwa, miaka mitatu sasa. Kumbe kuna mutu amemufikishia habari kwamba mama yake aliuawa. Na Josaphat amekwisha kumufanyia matanga! Huku mama mwenyewe anakula bugali kwangu.

Jumamosi Padri Apollinaire anapanda ndege kwenye uwanja wa Mavivi, karibu na Beni: Kampala, Nairobi, mpaka Kinshasa. Atabeba bahasha moja. Mama hajui kuandika, na anasema barua ya uongo mutu yeyote anaweza kuiandika. Anataka picha, Josaphat amuone kwa macho. Mama alikuwa njiani kwenda kwa Maulidi, mwenye studio karibu na musikiti. Huyo ana appareil ya kununua dukani.

Nilisimama. Nikamuuliza, mukwe wako niko hapa, muzima, na wewe unapeleka uso wako kwa mutu mwingine? Akanyamaza. Mama mukwe akinyamaza, amekubali.

Jumanne, 3 Julai

Picha ya kwanza. Mama kwenye kiti katikati ya kiwanja, jua kali, kitenge cha Pasaka. Bajirani bote balikuja kuangalia. Mbele ya batu wengi hivyo mutu hawezi kunong'ona. Nilitoa kizibo, nikainua mukono, nikasali kwa sauti ya Misa kubwa, polepole, neno kwa neno. Kimya! Hata batoto. Nilijisikia askofu.

Nikapeleka kopo kwa Maulidi akate kipande cha pellicule, ile filamu ya ndani, akisafishe, kwa sababu chambre noire, chumba cha giza, ni yake peke yake hapa karibu. Akanirudishia karatasi nyeupe. Nyeupe kabisa, kama unga wa muhogo! Mama mukwe hayupo, kiti hakipo.

Maulidi alieleza kwa upole (upole wake unaniudhi) kwamba nimeingiza mwangaza mwingi mno. Sala yangu ni ndefu. Kwa jua lile neno moja au mawili yanatosha. Yeye, alisema, angesema Bismillah na kufunga.

Mimi? Nimukatize Mama Maria sala yake? Wivu mutupu. Najua shida iko wapi. Kopo linavuja.

Jumatano, 4 Julai

Nimezungusha utepe mara tatu. Ndani nimepaka masizi ya sufuria za Kavugho. Sasa hata sisimizi hawezi kupitisha mwangaza humo.

Picha ya pili. Batu waliongezeka, hata Mama Léa wa mutaa wa pili alikuja na kiti chake. Nikasali polepole zaidi ya jana.

Nyeupe!

Maulidi alianza tena mambo ya Bismillah. Nikamuambia shida ni jua. Jua la Julai limezidi, kila mutu anaona. Kesho tunapiga barazani, kivulini.

Alhamisi, 5 Julai

USHINDI! Karibu.

Asubuhi na ukungu, mama barazani. Picha imetoka! Kiti kinaonekana. Ukuta unaonekana, tofali kwa tofali. Mais mama mukwe ana mikono mitatu na hana mudomo.

Nilitafuta sababu saa nzima mpaka nikakumbuka. Nilipofika katikati ya sala, mama alinijibu! "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," mpaka mwisho, na ishara ya musalaba juu. Miaka ishirini yuko katika chama cha sala, Legio ya Maria. Akisikia nusu ya kwanza, nusu ya pili inatoka yenyewe. Sasa utamuambiaje mama mukwe afunge mudomo? Mimi hata kumuangalia usoni ninaona haya. Nilimutuma Kavugho. Alimunong'oneza kitu, wakacheka wote wawili, sana, na sikuambiwa ni nini.

Kisha mama akaishika ile picha na cheko likamuisha. Alisema Josaphat akiona hii atajua kweli amekufa, huyu ni muzimu. Akafunika uso kwa kitenge. Hapo iliniuma. Iliniuma sana, naandika ukweli.

Maulidi alituma neno: alete appareil yake, bure, kwa ajili ya mama tu. Nikarudisha neno kwamba mama hapendi. Kavugho amenipikia maharage bila chumvi.

Ijumaa, 6 Julai

Pellicule imebaki nafasi moja. Moja! Padri anatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Mama alikataa baraza, alisema ndiyo inayomufanya muzimu. Donc tulirudi juani. Nageuka, namuona nani kando ya mboga? Maulidi, appareil shingoni. Kavugho ndiye alimuita. Katika kiwanja changu mwenyewe!

Nikasema asiguse mutu. Nikatoa kizibo. Nikainua mukono.

"Salamu Maria, umejaa nee—"

PAAA!

Nilijua vita imeingia kwetu. Nililala juu ya kopo na kiganja kwenye tundu. Bajirani bote chini. Maulidi ndani ya sombe, zile mboga za majani ya muhogo. Mama mukwe peke yake hakutikisika, alikuwa anangojea zamu yake ya kujibu.

Kumbe ni gurudumu la lori la viazi, pale barabarani.

Nilitaka kulia. Picha ya mwisho, na sala imekatika katikati! Maulidi alijipangusa majani, akachukua kopo, akakimbia. Akarudi anakimbia vilevile.

Ni yeye! Mama Virginie, muzima, mukono mumoja kila upande, mudomo mahali pake. Maua ya kitenge unaweza kuyahesabu. Kovu lake la shavuni, lile kuni ya moto ilimuachia, liko pale. Mama alilishika kovu la picha, kisha lake, kisha la picha. Maulidi alisema kitu kuhusu muda wa Bismillah lakini sikusikia vizuri, batu walikuwa wananipigia makofi.

Jumamosi, 7 Julai

Nilikwenda na jeep ya Padri mpaka Mavivi, kopo magotini. Barrière kabla ya Beni, soldat aliona kopo jeusi lenye tundu. Bombe! Wote chini, mikono juu! Padri pia. Nilifungua kopo, kulikuwa na masizi tu. Ndipo nikamuonyesha picha ya mama. Akauliza nani alipiga. Nikasema mimi, na kifua kilipanuka chenyewe.

Akachana nywele, akasimama wima kando ya kamba. Pellicule sina! Mais mutu mwenye bunduki humuambii hapana. Nilitoa kizibo cha kopo tupu, nikamusalia Salamu Maria nzima. Alisimama vizuri kuliko batu bote. Atapita Butembo kuchukua picha yake.

Padri aliweka bahasha ndani ya kitabu chake cha sala. Ndege iliruka. Nilipunga mukono mpaka bawabu wa uwanja akaniuliza ninamuaga nani.

Jumapili, 19 Agosti

Barua kutoka Kinshasa! Kavugho aliisoma kwa sauti. Josaphat anasema alimujua mama kwa kovu. Alianguka chini, jirani zake walifikiri amefiwa mara ya pili. Ameondoa nguo nyeusi. Anauliza fundi ni nani, Mungu amubariki mikono.

Mama Virginie aliniwekea mukono kichwani, mbele ya wote. Nililia, sifichi.

Maulidi alikuja na sukari kilo moja kunipongeza. Akanishika bega, akarudia: maneno mawili tu, ndugu yangu, usizidishe. Musikini. Mimi nimefikiri wiki sita juu ya ile picha. Kama sala iliyokatika katikati imetoa kazi kama ile, sala nzima, iliyotulia, itatoa nini? Tulikuwa tunasali kidogo mno!

Jumamosi ijayo ni arusi ya Léa, mutoto wa Mzee Edmond na Mama Léa wa mutaa wa pili. Picha zote ni zangu. Nimekwisha kuwaambia maarusi washibe vizuri asubuhi, na wavae viatu visivyobana. Watasimama juani Salamu Maria hamsini, rozari nzima.