Vita vya Mlango na Korongo wa Shaba

Sogeeni, enyi mliowahi kuhamisha kabati, na ninyi msiowahi kaeni nyuma mjifunze. Kwa maana yasimuliwa hapa habari za Fundi wa Shaba, binti wa mfua sufuria, mshinda-moto, mwenye kope zilizoungua mara mbili zikaota mara tatu, na jinsi alivyoitoa sanamu yake nje ya karakana.

Sanamu hiyo ilikuwa ya shangazi yake. Kwa miaka ishirini shangazi alicheza taichi uani kila asubuhi, ule mchezo wa Kichina wa kupigana pole pole, ambao adui hachapwi bali hupishwa, akaanguka kwa pupa yake mwenyewe. Kisha goti likamsaliti, akabaki kuketi. Ndipo Fundi akaapa kuisimamisha kwa shaba ile mbinu aliyoipenda shangazi, korongo akunjuapo mbawa: mkono mmoja juu, mmoja chini, mguu wa mbele ukiigusa ardhi kwa ncha. Miezi saba alifinyanga nta, akamimina shaba, akaunga viungo kwa moto. Hospitali ya mifupa iliingoja saa sita mchana, na gari lilikwisha kuja.

Hapo ndipo Mlango, dhalimu wa mbao mwenye bawaba tatu, alipojitokeza. Maana Fundi, aliyejua joto la shaba kwa rangi yake na unene wa nta kwa ukucha, hakuwa ameupima mlango.

Majeshi yakashambulia. Maseremala wawili wa jirani, Mnene na Mwembamba, waliisukuma sanamu mbele, wakarudi, wakaiinamisha, wakarudi, mara ya tatu kiwiko cha shaba kikabandua rangi ya mwimo wa mlango, nao wakarudi wakihema. Mnene akanena, kwa upole wa tabibu mwenye habari mbaya, kwamba mkono ukatwe, ukachomelewe huko huko hospitali. Fundi aliutazama mkono ule. Vidole vyake alivifinyanga mara tisa kabla havijafanana na vya shangazi mwenyewe. Akauliza msumeno uko wapi.

Shangazi, aliyeletwa aone kazi ikitoka, alikuwa akiwatazama kutoka kitini pake.

"Mwanangu," akasema, "mnagombana na mlango. Mlango una kosa gani?"

"Hautupishi, shangazi."

"Basi mpisheni ninyi. Nishikeni."

Wakamshika. Akasimama mbele ya mlango, jemadari wa kilo hamsini. Kiganja kikatangulia, kikafuata kiwiko, kisha bega. Kiuno kikageuka taratibu kama ufunguo, na mguu mbovu ukaja mwisho, ukiburutwa. Akawa nje.

"Hivyo," akasema, akaomba kiti.

Wakaigeuza sanamu, kiganja mbele. Hakuna aliyesukuma. Ilipita kiungo baada ya kiungo, ikiukwepa mwimo kwa upana wa kidole, kwa dakika kumi na moja ambazo hata dereva alizima redio. Korongo akatoka mzima juani, na Fundi wa Shaba, ambaye hakulia hata tanuru lilipompasukia, akasema ameingiwa na vumbi jichoni.

Dereva akawakumbusha kuwa wanachelewa. Lakini Mwembamba hakukubali historia ipite bila mwandishi. Akachomoa penseli sikioni, akaandika kwenye mwimo siku, mwezi, mwaka na saa, na chini yake maneno haya, yasomwayo hadi leo na kila aingiaye humo: Hapa Shangazi alipita mara mbili.